Tiara na Nguvu ya Upepo

Mpunga ukiisha kuvunwa katika bonde la Kilombero, wakulima wa Ifakara hungoja upepo. Mpunga uliopurwa huwa bado umechanganyika na makapi, na njia rahisi ya kuyatenga ni kuinua ungo juu ya kichwa na kuumimina mpunga polepole juu ya jamvi. Punje, kwa kuwa ni nzito, huanguka karibu na miguu ya mpepetaji. Makapi huchukuliwa na upepo yakaanguka mbali. Upepo ukitulia, kazi husimama. Bila shaka umekwisha kuiona kazi hii mara nyingi, na pengine umeifanya mwenyewe. Je, umepata kujiuliza ni kitu gani kinachoyasukuma makapi?

Upepo ni hewa inayokwenda. Hewa hatuioni, lakini ni kitu kama vilivyo vitu vingine, na ina uzito. Hewa iliyomo ndani ya sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja ina uzito wa kilo moja na zaidi kidogo. Darasa lenu, basi, lina hewa yenye uzito mkubwa kuliko uzito wa mwalimu wenu! Hewa hiyo ikitulia hatuisikii. Ikianza kwenda, husukuma kila kitu inachokutana nacho.

Nguvu hiyo huongezeka upesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Upepo unaokwenda kilometa 18 kwa saa ni ule unaotikisa majani na vitawi vidogo vya mwembe. Ukikutana na ubao wenye eneo la mita mraba moja, husukuma kwa nguvu karibu sawa na uzito wa kilo moja na nusu. Upepo wa kilometa 36 kwa saa, ambao kasi yake ni mara mbili tu ya ule wa kwanza, huusukuma ubao huo huo kwa nguvu karibu sawa na uzito wa kilo sita. Kasi imezidi mara mbili, lakini nguvu imezidi mara nne. Sababu yake si ngumu. Upepo wa kasi mara mbili huleta hewa nyingi mara mbili katika kila sekunde, na kila sehemu ya hewa hiyo hugonga kwa kishindo mara mbili. Mbili mara mbili ni nne.

Watu wa bonde la Kilombero wanajua jinsi upepo unavyoweza kubadilika ghafla. Kwa miaka mingi wasafiri waliotoka Ifakara kwenda Mahenge waliuvuka mto kwa kivuko. Mwezi wa Januari mwaka 2016 kivuko hicho kilipinduka wakati wa mvua na upepo mkali. Siku hizi watu na magari huvuka kwa daraja lenye urefu wa mita 384. Nguzo za daraja zimesimama imara katika ardhi, na upepo hauwezi kuzipindua. Chombo kinachoelea hakina nguzo.

Kutengeneza tiara

Tiara ni chombo kizuri cha kujifunzia nguvu ya upepo, kwa sababu unaishika nguvu hiyo mkononi mwako. Watu wa China walirusha tiara zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na watoto wa pwani na wa bara katika nchi yetu hucheza nazo mpaka leo.

Chukua njiti mbili nyembamba za mianzi, moja yenye urefu wa sentimeta 60 na nyingine sentimeta 50. Zifunge pamoja kwa uzi zifanye msalaba, ile fupi ikipita sentimeta 15 kutoka ncha ya juu ya ile ndefu. Zungusha uzi kutoka ncha hadi ncha, kisha wamba karatasi nyepesi na kuibandika kwa gundi ya unga uliopikwa. Mkia ufanye kwa vipande vya vitambaa vilivyofungwa katika uzi wenye urefu wa mita moja na nusu.

Sasa chukua uzi mwingine wenye urefu wa sentimeta 75. Ncha yake moja ifunge juu ya njiti ndefu, na ncha ya pili ifunge chini ya njiti hiyo hiyo. Uzi huu tutauita hatamu, kwa kuwa kazi yake inafanana na hatamu ya punda. Pima sentimeta 23 kutoka juu ya hatamu, ufanye kitanzi kidogo hapo. Uzi mrefu wa kurushia utafungwa katika kitanzi hicho.

Rusha tiara uwanjani. Utaona kwamba haisimami wima wala hailali kabisa, bali huinama. Upepo unaokuja mbele hukutana na karatasi iliyoinama, ukageuzwa na kusukumwa chini. Tiara inaposukuma hewa kwenda chini, hewa nayo huisukuma tiara kwenda juu. Ndege mwenye mbawa zilizotandazwa huelea angani kwa kanuni hii hii.

Jaribio. Tafuta kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wake sentimeta moja na urefu wake sentimeta 20. Kifunge kati ya mkono wako na uzi wa tiara. Tiara ikiwa angani, mwenzako apime kwa rula urefu wa mpira unaovutwa. Andika urefu huo katika daftari. Kisha shusha tiara, sogeza kitanzi cha hatamu sentimeta mbili kuelekea juu, urushe tena na kupima. Mara ya tatu kisogeze kitanzi kuelekea chini, sentimeta mbili kutoka pale kilipokuwa mwanzoni, upime tena.

Kitanzi kikisogezwa juu, tiara hulala zaidi, upepo huteleza chini yake, na mpira hauvutiki sana. Kikisogezwa chini, tiara huukabili upepo kwa kifua, na mpira huvutika zaidi. Ukizidi kukisogeza chini, tiara hushindwa kupaa kabisa, ikayumba na kuanguka. Shika sana jambo hili, kwa maana maelezo yote yanayofuata yanalitegemea: anayebadili mwinamo wa tiara hubadili nguvu yake. Wewe unaubadili mwinamo ukiwa umeishusha tiara chini. Je, inawezekana kuubadili tiara ikiwa angani?

Tiara inayombeba mtu

Mwalimu mmoja wa shule mjini Bristol, Uingereza, aliyeitwa George Pocock, alilishughulikia swali hilo zamani. Mwaka 1826 alipewa hati ya uvumbuzi wake, nao ulikuwa gari lililovutwa na tiara mahali pa farasi. Alitambua kwamba uzi mmoja hautoshi kuongozea. Alitumia kamba nne, ili aweze kuigeuza tiara kushoto na kulia na kuipunguzia nguvu alipotaka kusimama.

Leo kamba nne za namna hiyo zinatumika hapa nchini petu. Katika kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, vijana wa pwani na wageni kutoka nchi nyingi hucheza mchezo wa kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Mchezaji husimama juu ya ubao mfupi, miguu yake imeingizwa katika mikanda, na tiara ya kitambaa yenye eneo la mita mraba kumi hivi humvuta kwa kasi. Mchezo huu hauchezwi Ifakara, wala mto Kilombero, wenye mamba na viboko, si mahali pake.

Paje pana sifa zinazofaa. Mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na ufuo huyavunja mawimbi makubwa ya bahari, na ndani ya mwamba huo maji ni ya kina kifupi. Upepo wa kusi huvuma vizuri kuanzia Juni hadi Septemba, na upepo wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Tazama ramani ya Unguja. Pwani ya Paje inaelekea mashariki. Kusi hutoka kusini-mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili, basi, huja kwa mshazari kutoka baharini kwenda nchi kavu. Mchezaji aliyepotewa na ubao wake husukumwa polepole kurudi ufuoni. Kama upepo ungetoka nchi kavu, ungempeleka mbali baharini, na mchezaji mwenye akili haingii majini siku kama hiyo.

Tiara yenyewe si ya njiti. Ukingo wake wa mbele una mrija mnene uliojazwa hewa, ambao huipa umbo la upinde. Ikianguka majini huelea, na mchezaji huweza kuirusha tena. Tiara ya namna hii ilibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, nao waliiandikisha mwaka 1984.

Upau wa kuongozea

Mchezaji hushika upau mfupi, wenye urefu wa nusu mita hivi. Kamba nne zenye urefu wa zaidi ya mita 20 hutoka hapo hadi kwenye tiara. Kamba mbili za nyuma zimefungwa katika ncha mbili za upau, nazo hushika nyuma ya tiara. Kamba mbili za mbele huungana zikawa kamba moja nene, ambayo hupita katika tundu lililo katikati ya upau na kuishia katika kitanzi kigumu. Kitanzi hicho hunasishwa katika kulabu iliyo mbele ya mkanda mpana aliovaa mchezaji kiunoni.

Uzito mkubwa wa mvuto wa tiara, basi, hupita katika kamba za mbele ukafika kiunoni. Mikono haibebi mzigo huo. Mikono huongoza tu.

Mchezaji akivuta upande wa kulia wa upau, tiara hugeuka kulia. Akivuta wa kushoto, hugeuka kushoto. Akiuvuta upau wote kuelekea kifuani, kamba za nyuma hukaza, sehemu ya nyuma ya tiara hushuka, nayo huukabili upepo zaidi: nguvu huongezeka. Akiusukuma upau mbali naye, kamba za nyuma hulegea, tiara hulala, na nguvu hupungua. Kumbuka jaribio lako la hatamu. Kazi uliyoifanya kwa kusogeza kitanzi, mchezaji huifanya kwa kukunja na kunyosha mikono yake, na huifanya mara nyingi katika dakika moja.

Ncha ya kushoto ya upau huwa nyekundu kwa kawaida. Mtu aliyeanguka majini na kupigwa na maji usoni huweza kuushika upau kinyume bila kujua. Hapo tiara itageuka kulia anapotaka kwenda kushoto. Rangi humwonya kabla hajavuta.

Kuachia mikono angani

Wachezaji hodari huruka. Mchezaji huipeleka tiara upande mmoja, kisha huigeuza kwa haraka ipite juu ya kichwa chake, mahali lilipo jua la saa sita mchana, huku akiuvuta upau kifuani. Tiara iliyokuwa ikimvuta mbele sasa humvuta juu, naye huinuka kutoka majini. Wengine wakiwa angani huuachia upau kwa mikono yote miwili. Wengine huuvua ubao miguuni, wakauzungusha na kuuvaa tena kabla ya kushuka. Mtazamaji wa ufuoni hudhani kwamba mtu huyo hakushikwa na kitu chochote. Wewe unajua kwamba kulabu ya kiunoni ndiyo inayomshika.

Lakini mikono ikiuachia upau, upau huteleza juu kufuata kamba nene, na tiara hupungukiwa nguvu. Hili ni jambo la usalama: mtu aliyeogopa akaachia kila kitu, tiara hulegea yenyewe. Kwa mrukaji, hata hivyo, lina hatari zake. Upau ukiteleza mbali sana, tiara itapoteza nguvu nyingi mno, naye atashuka kwa kishindo. Tena mkono wake hautaufikia upau anapouhitaji. Kwa hiyo huwekwa kizuizi katika kamba nene, kisichozidi urefu wa mkono ulionyoshwa. Upau huenda hadi hapo ukasimama.

Tena kamba zote nne lazima zipimwe kabla ya kuingia majini. Kamba zinazotumika huvutika kidogo kidogo, wala hazivutiki sawasawa. Ikiwa kamba ya nyuma ya kulia ni fupi kuliko ya kushoto hata kwa sentimeta chache, tiara itageuka yenyewe mara upau unapoachiwa, na mchezaji atavutwa upande bila kutazamia. Ikiwa kamba zote mbili za nyuma ni fupi kupita kiasi, tiara itasimama kama ile yako ya karatasi ulipozidi kukishusha kitanzi, kisha itaanza kurudi nyuma na kuanguka. Mchezaji mwangalifu hufunga ncha za kamba mahali pamoja, akazinyosha zote, na kulinganisha.

Wapo pia wachezaji wanaokitoa kitanzi katika kulabu na kuruka wakiwa wameshika upau kwa mikono tu, ili waupitishe nyuma ya mgongo. Hapo kiuno hakibebi kitu, na ni kamba moja tu ya usalama inayowaunganisha na tiara. Kamba hiyo ikiwa imefungwa katika kamba moja ya mbele, mchezaji akiachia, tiara hupeperuka kama bendera na kupoteza karibu nguvu yote. Baadhi yao huifunga mahali pengine, ili upau usiende mbali wanapouachia na mchezo usikatike. Mahali hapo tiara haipotezi nguvu yote, na mtu aweza kukokotwa na chombo asichoweza kukiongoza. Ni biashara mbaya, kwa maoni yetu, kununua urahisi wa mchezo kwa usalama wa mwili.

Kuna kinga ya mwisho. Juu ya kitanzi kigumu kuna kifungulio, mara nyingi chenye rangi nyekundu, ambacho mchezaji hukisukuma mbali naye kwa mkono mmoja. Kitanzi hufunguka, upau hukimbia, na tiara huanguka ikiwa imeshikwa na kamba ya usalama tu. Kama bado inamvuta, au imenaswa na tiara ya mwenziwe, hukifungua kifungulio cha pili kilicho katika kamba hiyo, akabaki huru kabisa. Mwanafunzi wa mchezo huu hufundishwa kukitafuta kifungulio kwa kupapasa, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka mkono wake ukizoee. Chumvi na mchanga hukaza vifungulio. Kwa hiyo huvijaribu ufuoni kila siku kabla ya kurusha tiara. Kifungulio kisichojaribiwa ni pambo. Hujiangalia pia asiwakaribie watu walio karibu na ufuo, hasa akina mama wa Paje wanaolima mwani, ambao mashamba yao ya vijiti na kamba huwa yamefunikwa na maji.

Tiara yako na usalama wako

Tiara yako ndogo haiwezi kukuinua. Hata hivyo uzi mwembamba unaokimbia hukata ngozi kama wembe. Usiuzungushe uzi katika kidole au kiganja, wala usiufunge kiunoni. Uviringishe katika kijiti, ili uweze kukiachia mara moja. Mchezaji wa Paje hujifunga kiunoni kwa sababu ana vifungulio viwili. Wewe huna hata kimoja.

Usirushe tiara karibu na nyaya za umeme. Katika wilaya za bonde hili hupita nyaya zenye nguvu kubwa, kwa kuwa umeme wa maporomoko ya Kidatu umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1975. Uzi ulioloa maji hupitisha umeme. Tiara ikinasa katika waya, iache huko huko, uwaarifu wakubwa. Tiara nyingine utaitengeneza. Mawingu meusi yakijikusanya juu ya milima ya Udzungwa, shusha tiara kabla radi haijaanza, kwa sababu upepo wa mvua hutangulia mvua yenyewe. Uwanja wako uwe mbali na reli, barabara na kingo za mto, kwa maana mtu anayetazama juu haoni anapokanyaga.

Maswali na kazi

1. Kwa nini makapi huanguka mbali na punje za mpunga wakati wa kupepeta?

2. Upepo wa kilometa 36 kwa saa husukuma mita mraba moja kwa nguvu karibu sawa na uzito wa kilo 6. Upepo wa kilometa 72 kwa saa utaisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo ngapi? Eleza ulivyopata jibu.

3. Chora tiara yako kutoka upande. Onyesha mahali pa kitanzi cha hatamu tiara inapovuta kwa nguvu nyingi, na inapovuta kwa nguvu kidogo.

4. Mchezaji ameuachia upau angani, na tiara yake imegeuka kushoto yenyewe. Ni kamba gani anayopaswa kuipima atakapofika ufuoni, na kwa nini?

5. Chora ramani ya kijiji au mtaa wenu. Onyesha nyaya za umeme, barabara, reli, maji na miti mirefu. Kwa muda wa wiki moja andika kila siku saa tisa alasiri upepo unatoka upande gani. Kisha mkiwa na mwalimu wenu, chagueni mahali pa kurushia tiara.